Kusoma Mwanzo kikundini: sura kwa sura, kwa watu wake, kwa hatua saba, au kwa vizazi?

Kikundi kikishakubaliana kusoma kitabu cha Mwanzo, watu hujadili siku, saa na nyumba ya kukutania. Namna ya kusoma haijadiliwi. Wanaanza sura ya 1 na kuendelea mpaka watakapochoka, na wengi huchoka mahali fulani kati ya mnara wa Babeli na Sodoma. Matokeo yake tuna waumini wanaoijua Edeni na gharika kwa undani, lakini hawajawahi kukaa pamoja na kumsikia Yuda akimsihi Yusufu katika sura ya 44, ambapo kitabu kizima kinageuka.

Namna ya kusoma ndiyo inayoamua mtaona nini. Hapa nalinganisha njia nne ambazo jumuiya, makundi ya nyumba kwa nyumba na vikundi vya vijana wanaweza kuzitumia bila kununua chochote zaidi ya Biblia. Nitaeleza kila moja inafaa kundi gani na inapoteza nini, na nitasema waziwazi ninayoipendelea.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitazipima zote kwa sura moja: ya 38, habari ya Yuda na Tamari. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayorukwa kuliko zote. Yuda amekwisha kushiriki kumuuza ndugu yake. Anajitenga na jamaa, anaoa kwa Wakanaani, anazaa wana watatu. Wa kwanza anamwoa Tamari, anakufa. Wa pili anampokea mjane, naye anakufa. Yuda anaahidi kumpa wa tatu akikua, kisha anamwacha tu mwanamke yule nyumbani kwa baba yake na ujane wake. Tamari anajifunika ushungi, anaketi njiani, Yuda anamdhania kahaba, anamwachia rehani muhuri wake, kamba na fimbo. Miezi mitatu baadaye anaambiwa mkwewe ana mimba, anaamuru achomwe moto. Tamari anavitoa vile vitu. Ndipo Yuda anatamka maneno mazito kuliko yote aliyopata kusema hadi hapo: “Yeye ni mwenye haki kuliko mimi.”

Hakuna malaika katika sura hiyo, wala ndoto, wala sauti kutoka mbinguni. Njia ya kusoma inayoweza kulifikisha kundi hapo salama na kulitoa hapo likiwa na la kusema, hiyo ni njia yenye nguvu.

Sura kwa sura

Hii ndiyo wengi wanaijua. Kila wiki sura moja, anayeongoza anauliza maswali, watu wanachangia. Faida yake kubwa ni uaminifu: hakuna anayechagua. Mwenyekiti hawezi kurukia anayoyapenda, mzee wa kanisa hawezi kukwepa yanayomtia aibu. Wiki ya sura ya 19 ikifika, imefika. Tena mgeni akiingia katikati hahitaji maelezo marefu. Akiambiwa tuko sura ya 29, anajua la kusoma nyumbani.

Lakini hesabu ni hesabu. Mwanzo una sura 50 na mistari 1,533. Sura moja kwa wiki ni karibu mwaka mzima bila kukosa hata wiki moja, na nani asiyekosa? Kuna Pasaka, kuna misiba, kuna mvua za masika, kuna wiki ambayo mwenye nyumba amesafiri. Kwa uhalisia mnaongelea mwaka mmoja na nusu. Halafu sura zenyewe hazilingani: ya 16 ina mistari 16, ya 24 ina 67. Ya 36 ni orodha ya ukoo wa Esau na wafalme wa Edomu, na kuifanya kuwa kikao kizima cha jioni ni kuwaonea watu waliotoka kazini.

Jambo la pili ni kwamba mgawanyo huo wa sura haukutoka kwa walioandika. Uliwekwa mwanzoni mwa karne ya 13, na kwa kawaida unahusishwa na Stephen Langton, aliyekuwa mwalimu Paris kabla ya kuwa askofu mkuu wa Canterbury. Ulikuwa msaada mzuri kwa wanaotafuta mahali katika kitabu, lakini mara nyingine unakata vibaya. Siku ya saba, siku ya pumziko, imewekwa mwanzo wa sura ya 2, kana kwamba si sehemu ya juma lile la uumbaji. Kati ya sura ya 11 na ya 12 kundi linapumzika wiki nzima, kisha linarudi na kumkuta Ibrahimu akiitwa atoke nyumbani kwa baba yake; limekwisha kusahau kwamba mwisho wa sura ya 11 baba yake Tera ndiye aliyeanzisha safari kutoka Uru kwenda Kanaani, akaishia Harani. Mtu akijua hilo, wito wa Ibrahimu unasikika tofauti. Kuna safari ya baba iliyokwama, na mwana anaambiwa aendelee.

Gharika ni mfano mwingine. Sura ya 6 inamwambia Nuhu aingize wanyama wawili wawili. Sura ya 7 inamwambia wale walio safi waingie saba saba. Mkizisoma wiki tofauti, wachache watagundua. Mkizisoma pamoja, hata kijana wa kidato cha kwanza atainua mkono.

Hatari kubwa kabisa ya njia hii, kwa maoni yangu, iko katika sura 11 za kwanza. Zinameza makundi. Mtu mmoja anauliza kama siku sita zilikuwa za saa 24, mwingine anataja miamba na visukuku, wa tatu anakumbuka kwamba kuna Biblia za zamani ambazo pembeni ya sura ya kwanza zimeandikwa “4004 kabla ya Kristo” kuwa mwaka wa uumbaji. (Hesabu hiyo ni ya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, aliyeichapisha mwaka 1650, si sehemu ya maandiko.) Wiki tatu zinapita, wanaume wawili wanabishana, wengine wanatazama saa. Ukiongoza kundi la namna hiyo, inasaidia kuwaambia kwamba Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliuandikia mwanzo wa kitabu hiki ufafanuzi zaidi ya mara moja, na hakuona lazima kuzielewa siku zile kama siku zetu za kawaida. Swali ni la kale, limeulizwa ndani ya Kanisa, na imani haikuporomoka. Baada ya hapo endeleeni na safari.

Na sura ya 38? Mtaifikia, hilo ni la hakika. Ila mtaifikia wiki ya 38, Septemba kama mlianza Januari, na ikiwa imesimama peke yake. Itaonekana kama kisa cha ajabu kilichoingia kwa bahati mbaya katikati ya habari za Yusufu. Mtaisoma kwa aibu, mtaimaliza haraka.

Kwa watu wake

Wiki hii Adamu na Hawa, ijayo Kaini na Habili, kisha Nuhu, Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Yusufu. Wiki saba au nane mmemaliza. Kwa vijana, kwa wanaojiandaa na kipaimara, kwa kundi jipya ambalo halijui kama litadumu, njia hii ina nafasi yake, na sitaidharau. Watu wanapenda watu. Mtoto wa miaka kumi na miwili atamkumbuka Yakobo akikimbia na baraka ya kaka yake muda mrefu baada ya kusahau kila kitu kingine.

Tatizo lake ni orodha yenyewe. Itazame tena: baada ya Hawa hakuna mwanamke. Hajiri anakuwa “sehemu ya Ibrahimu”, Lea na Raheli wanakuwa “wake wa Yakobo”, Dina hatajwi, Tamari hatajwi. Na wale waliotajwa wanageuka mifano ya kuigwa hata pale kitabu chenyewe hakiwasifu. Mara tatu katika Mwanzo, sura ya 12, ya 20 na ya 26, mume anamtambulisha mke wake kuwa ni dada yake ili kuokoa ngozi yake mwenyewe. Mara mbili ni Ibrahimu, ya tatu ni Isaka. Katika mafundisho ya “mashujaa wa imani” mambo haya hupitiwa kimyakimya. Kitabu hakikuyaficha. Kwa nini sisi tuyafiche?

Kwa kipimo chetu, njia hii inashindwa kabisa. Sura ya 38 haimhusu Yusufu, hivyo inarukwa, na pamoja nayo inapotea sababu ya Yuda kuwa yule tunayemkuta sura ya 44.

Mkiamua kuitumia hata hivyo, badilisheni orodha. Wekeni Hajiri wiki yake, Lea na Raheli wiki yao, Yuda na Tamari wiki yao. Itakuwa wiki kumi au kumi na moja na itakuwa kitu kingine kabisa.

Kwa hatua saba

Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hata kama hawajui ilikotoka. Tangu miaka ya 1970, maaskofu wa kanda hii walipoamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya parokia, palihitajika namna ya kusoma Biblia ambayo haimngoji padri. Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, walikofanyia kazi wamisionari wa Kijerumani Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, iliandaa njia ya hatua saba: tunamwalika Bwana kwa sala, tunasoma, kila mmoja anataja neno au kifungu kilichomgusa, polepole, bila maelezo, tunanyamaza dakika kadhaa, tunashirikishana kilichotugusa, tunajadili jumuiya yetu inatakiwa kufanya nini, tunasali.

Uzuri wake ni kwamba hakuna mtaalamu. Bibi asiyejua kusoma amesikia andiko, amebaki na neno moja moyoni, naye anayo haki sawa ya kulitamka kama mwalimu wa sekondari aliyeketi karibu naye. Sijaona njia nyingine inayowapa nafasi wanyamavu kwa uhakika kiasi hiki. Na ile hatua ya nne, ya kunyamaza, ni dawa ya kundi lenye wasemaji wawili.

Hatua ya sita nayo ni ya thamani. Someni Mwanzo 4 hadi swali la Kaini, “Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?”, kisha kaeni mjadili ni nani katika mtaa huu hakuna anayemlinda. Jina litatajwa. Wiki hiyohiyo mtu atakwenda kumwona.

Lakini hatua saba zilipimwa kwa kifungu kifupi. Jumuiya nyingi huzitumia kwa Injili ya Jumapili inayofuata, mistari kumi na kitu, na hapo zinafanya kazi vizuri sana. Mwanzo ni masimulizi marefu. Neno lililokugusa katika mstari wa 12 linaweza kupata maana nyingine kabisa mstari wa 40, na njia hii haikulazimishi ufike huko. Mtu akiguswa na agizo la malaika kwa Hajiri katika sura ya 16, kwamba arudi kwa bibi yake na kunyenyekea, akaondoka na hilo tu, amebeba mzigo mkubwa bila kusikia kwamba mtumwa huyo wa Kimisri ndiye anayempa Mungu jina katika sura hiyohiyo, na kwamba sura ya 21 atafukuzwa, na Mungu atasikia sauti ya mtoto wake jangwani. Andiko linahitaji kusikilizwa hadi mwisho kabla ya kutumiwa.

Kuna tahadhari nyingine ambayo nataka niiseme kwa uzito wake. Katika sura ya 34, Dina binti Yakobo ananajisiwa. Kaka zake wanalipiza kwa kuwaua wanaume wa mji mzima. Na Dina mwenyewe hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kundi la watu kumi na wawili, kuna uwezekano mkubwa kwamba yumo mtu ambaye habari hii si ya kale kwake. Kuzunguka chumba huku kila mmoja akitakiwa kusema “kilichonigusa” ni kumweka mtu huyo pabaya. Kwa sura za 19, 34 na 38, mwezeshaji atangaze wiki moja kabla watakachosoma, aseme wazi kwamba hakuna anayelazimika kuja wala kusema, na hatua ya tano igeuzwe: badala ya kuuliza andiko limekugusa wapi, ulizeni nani katika habari hii hakusikilizwa. Watu watasema kweli nyingi kupitia swali hilo bila kujivua nguo mbele ya majirani.

Kwa vizazi

Hii ndiyo ninayoipendelea. Inashangaza kwamba haijulikani, kwa sababu ndiyo mgawanyo wa kitabu chenyewe.

Mwanzo una kichwa cha habari kinachojirudia, “hivi ndivyo vizazi vya” fulani. Kinatokea mara kumi ukikihesabu kile cha Esau, kilichoandikwa mara mbili katika sura ya 36, kuwa kimoja: vizazi vya mbingu na nchi (2:4), vya Adamu (5:1), vya Nuhu (6:9), vya wana wa Nuhu (10:1), vya Shemu (11:10), vya Tera (11:27), vya Ishmaeli (25:12), vya Isaka (25:19), vya Esau (36:1), vya Yakobo (37:2). Kabla ya vyote kuna utangulizi, juma la uumbaji, kuanzia 1:1 hadi 2:3.

Tazama vichwa hivyo vinavyofanya kazi. Hakuna “vizazi vya Ibrahimu”. Habari zote za Ibrahimu ziko chini ya jina la baba yake, Tera. Chini ya “vizazi vya Isaka” tunasoma hasa habari za Yakobo na Esau. Chini ya “vizazi vya Yakobo” tunasoma habari za wanawe kumi na wawili. Mara nyingi kitabu kinataja mzazi, kisha kinasimulia kilichowapata watoto. Sisi ambao tukikutana na mgeni tunamuuliza ni mtoto wa nani kabla ya kumuuliza anafanya kazi gani, hatuhitaji kufundishwa namna ya kusoma kitabu cha aina hii. Swali la kila fungu linajiuliza lenyewe: mzazi huyu aliwaachia watoto nini?

Sasa ileteni sura ya 38 hapa. Iko ndani ya “vizazi vya Yakobo”, na fungu hilo halikuahidi habari za Yusufu peke yake. Liliahidi habari za watoto wa Yakobo. Yuda ni mmoja wao, na sura hiyo iko mahali pake. Mkisoma 37 na 38 kikao kimoja, mambo yanajitokeza yenyewe. Katika sura ya 37 ndugu wanachovya kanzu ya Yusufu katika damu ya mbuzi, wanampelekea baba yao, wanamwambia atambue kama ni ya mwanawe. Katika 38 Yuda anaahidi mwana-mbuzi kwa mwanamke wa njiani, na mwishowe ni yeye anayepelekewa vitu na kuambiwa atambue ni vya nani. Aliyemfanya baba yake atambue uongo, sasa analazimishwa kutambua ukweli. Mkirudi nyuma hadi sura ya 27, mnamkuta Yakobo huyohuyo akimdanganya baba yake kipofu kwa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Mbuzi mara tatu, vizazi viwili, udanganyifu unarudi nyumbani kwao.

Halafu endeleeni hadi 44. Yusufu, ambaye ndugu zake hawajamtambua, anataka kumzuia Benyamini Misri. Anayesimama ni Yuda, yuleyule aliyesema katika sura ya 37 kwamba Yusufu auzwe. Anasema maneno marefu, anamtaja baba yake tena na tena, na mwisho anaomba abaki yeye awe mtumwa badala ya mdogo wake. Yusufu hawezi kujizuia tena, analia kwa sauti. Yuda alijifunzia wapi kusema ukweli unaomgharimu? Jibu liko sura ya 38, na aliyemfundisha ni Tamari. Kundi lililoruka sura hiyo halitajua machozi ya Yusufu yamesababishwa na badiliko la miaka mingapi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mafungu yake hayalingani kabisa. Vizazi vya Ishmaeli ni mistari saba. Vya Yakobo ni sura 14. Lazima mtu akae na kalamu agawe. Mgawanyo ninaopendekeza ni wa wiki 28. Utangulizi wiki moja. Mbingu na nchi, wiki tatu: Edeni, anguko, Kaini. Adamu, wiki moja. Nuhu, wiki mbili. Wana wa Nuhu pamoja na Babeli na orodha ya Shemu, wiki moja. Tera, wiki saba: 11:27 hadi 13, 14 na 15, 16 na 17, 18 na 19, 20 na 21, 22 na 23, kisha 24 hadi mistari ya Ishmaeli katika 25. Isaka, wiki sita, mkifunga na 34 hadi 36 ili orodha ya Esau isibaki peke yake. Yakobo, wiki saba: 37 na 38, 39 na 40, 41, 42 na 43, 44 na 45, 46 na 47, 48 hadi 50. Mkianza baada ya sikukuu za mwaka mpya, hata mkikosa wiki kadhaa, mtamaliza kabla ya Septemba kwisha.

Udhaifu wa pili: inadai kusoma nyumbani. Sura mbili kwa wiki si nyingi, lakini asiyesoma ataachwa nyuma. Ndiyo maana nashauri kila kikao kianze kwa kusoma kwa sauti fungu lote au sehemu yake kubwa, kwa kupokezana, kabla ya swali lolote. Masimulizi haya yalisikika masikioni kabla ya kuonekana kwenye karatasi.

Wayahudi, ambao wamesoma kitabu hiki pamoja kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, wana mgawanyo wao: mafungu 12 ya wiki, yanayoanza mara baada ya sikukuu ya Simchat Torah, Septemba au Oktoba, na kumalizika Desemba au Januari. Kundi lililozoea kusoma sana nyumbani linaweza kuufuata na kumaliza kwa miezi mitatu. Nampenda aliyeupanga kwa jambo moja: fungu la kumi linakatika 44:17, Benyamini akiwa amekwisha kukamatwa, na fungu linalofuata linaanza Yuda anapomkaribia Yusufu. Wiki nzima waumini wanabaki na swali kama kuna atakayesimama. Hata mkisoma kwa vizazi, mnaweza kuiga hilo na kusimama palepale. Igeni pia desturi yao ya kusoma wawiliwawili. Gawanyeni chumba kwa jozi dakika kumi kabla ya mjadala wa wote. Mama ambaye hasemi mbele ya katekista atasema mbele ya jirani yake, na jirani atamsaidia kulileta mbele ya kundi.

Biblia ipi?

Hapa si pa kubishania muda mrefu. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ndiyo iliyo masikioni mwa wengi na inasomeka vizuri kwa sauti. Habari Njema inaeleweka kwa wepesi zaidi na inafaa kurejewa wakati wa mjadala. Angalieni tu majina: mmoja atasoma Ibrahimu, Lutu na Hajiri, mwingine Abrahamu, Loti na Hagari, na mgeni atadhani ni watu sita. Semeni mapema.

Mkiwa na majirani Waislamu

Katika miji ya pwani na kwingine kwingi, kikundi kinachokutana uani kinasikika kwa jirani, na jirani huyo anamjua Nabii Nuhu, Nabii Ibrahimu na Nabii Yusuf tangu madrasa. Habari ya Yusuf katika Kurani imesimuliwa kwa mfululizo katika sura moja, ya 12, yenye aya 111. Kikundi kikiwa na uhusiano mwema na majirani, jioni moja ya kusomeana habari za Yusufu, kila upande ukisoma kitabu chake na mwingine ukisikiliza, ni jambo jema sana. Mtaona yanayofanana, kama ndoto na kisima na Misri, na mtaona yanayotofautiana: katika Kurani shahidi anaamua kwa kuangalia kanzu ya Yusuf imechanwa mbele au nyuma, katika Mwanzo vazi lake linabaki mkononi mwa mke wa Potifa na kuwa ushahidi wa uongo. Kwa jioni hiyo, njia ya kwa watu wake ndiyo inayofaa kuliko zote. Sharti ni moja tu, kwamba hakuna anayekuja kushinda.

Basi mchague ipi?

Kama kundi lenu lina watu wanaobadilika kila wiki, wengine zamu za usiku, wengine biashara, msianze na vizazi. Tumieni hatua saba kwa vifungu vilivyochaguliwa, kila kikao kikijitosheleza: 4:1–16, 16 yote, 21:8–21, 22:1–19, 28:10–22, 32:22–32, 45:1–15, 50:15–21. Kama ni vijana wapya, tumieni watu wake, pamoja na wanawake niliowataja. Kama mna mwalimu aliyejiandaa vizuri na watu wanaotaka kuchimba kila mstari, sura kwa sura itawafaa, ila mwekeni mtu wa kuzuia mabishano ya sura 11 za kwanza yasizidi wiki walizopangiwa.

Na kama ni kundi la watu nane hadi kumi na watano wanaojuana, wanaofika, walio tayari kusoma kidogo nyumbani, someni kwa vizazi na mwazime mambo mawili kutoka hatua saba: ukimya baada ya kusoma, na swali la mwisho la tutafanya nini. Nimeona mchanganyiko huo ukifanya kazi katika nyumba ambazo hazina msomi hata mmoja wa teolojia.

Mkikutana kwa simu tu, kama wafanyavyo Waswahili wengi walio Ulaya, Ghuba au Marekani kwenye makundi ya WhatsApp, vizazi bado vinawezekana: mmoja anarekodi fungu kwa sauti yake Jumatatu, wengine wanalisikiliza wakiwa kazini, mjadala unafanyika Jumamosi kwa kupigiana. Sura za 19, 34 na 38 msizijadili kwa maandishi. Ngojeni sauti zikutane, maana ujumbe ulioandikwa usiku wa manane hausikiki sauti yake, na unabaki kwenye simu za watu.

Wenye mashaka wafanye jaribio kabla ya kuamua. Chukueni sura ya 16, ndiyo fupi kuliko zote. Wiki ya kwanza isomeni kwa hatua saba. Wiki ya pili isomeni pamoja na sura ya 17 na mistari ya Hajiri katika 21, mkiuliza watoto hawa wawili, Ishmaeli na Isaka, wameachiwa nini na wazazi wao. Kisha muulizeni kila mmoja, mkianza na aliyesema kidogo kuliko wote, ni jioni ipi aliyorudi nayo nyumbani akaendelea kuizungumzia. Fuateni njia hiyo.